Wanaoitika Bafuni

Mama Kyando alikuwa na hakika kwamba jirani yake yu hai.

"Nimemsikia mwenyewe," alimwambia tabibu. Alikuwa amesimama sebuleni, shuka zito mabegani, ndala juu ya soksi. "Tangu nilipoamka wanaongea, yeye na mwanawe. Hata amecheka. Ningejuaje?"

Tabibu Asheri Mbilinyi alikuwa ndiyo kwanza anatoka bafuni, mikono ya sweta yake imelowa hadi viwikoni. "Mwalimu Nelusigwe amekufa tangu jana jioni, mama," alisema kwa upole.

"Mbona sasa hivi anaongea?"

Kweli alikuwa anaongea. Tusekile Chaula, aliyekuwa anaingia sebuleni na mkoba wake wa vifaa, alizisikia sauti mbili nyuma ya mlango wa bafu. Moja ilikuwa ya kijana wa kiume. Nyingine ilikuwa ya mwanamke mzee, sauti kavu yenye lafudhi ya Tukuyu. Walikuwa wanazungumzia migomba.

"Ule wa nyuma ya jiko bado unazaa?" kijana aliuliza.

"Unazaa. Mkungu wa mwaka huu ulimshinda mtu mmoja kubeba."

"Utanipikia?"

"Nitakupikia, mwanangu."

Tusekile alisukuma mlango. Mvuke ulimpiga usoni. Mwalimu Nelusigwe alikuwa amelala ndani ya beseni la saruji, uso chini ya maji, nywele zake nyeupe zikielea polepole. Maji yalikuwa bado ya moto. Kisanduku kilichofungwa ukutani juu ya bomba kilikuwa kimeyapasha moto usiku kucha bila kuchoka.

"Mama, unanisikia?" kisanduku kiliuliza kwa sauti ya kijana.

"Nakusikia," kilijijibu kwa sauti ya marehemu.

Tusekile alipanda ukingo wa beseni, akabonyeza kitufe kilichokuwa chini ya kisanduku. Sauti zilikatika zote mbili. Kule sebuleni Mama Kyando akaanza kulia, kana kwamba jirani yake alikuwa amekata roho dakika ile.

* * *

Mji wa Idunda, kwenye safu ya Kipengere, haukuwahi kuwa na joto, lakini baridi ya sasa ilikuwa nyingine. Ilianza mwaka Pazia lilipotandazwa angani: vumbi jeupe lililomwagwa juu kabisa, mataifa yote yakiwa yamekubaliana, ili dunia ipungue joto. Kule chini pwani watu walishukuru. Mvua ilirudi, mahindi yakarudi. Huku juu anga iligeuka rangi ya maziwa yaliyochacha, mashamba ya pareto yakaungua kwa barafu, na vijana wakashuka mabondeni. Waliobaki ni wazee waliosema hawawezi kuyaacha makaburi yao.

Serikali iliwachimbia visima virefu vya maji ya moto, ikamjengea kila mzee bafu. Hapo ndipo walipoanza kufa.

Hakukuwa na ugonjwa wala sumu. Mzee hutoka kwenye chumba chenye baridi, mishipa yake imejikunja kama kamba iliyolowa. Akivua nguo, inajikunja zaidi, na moyo unasukuma kwa nguvu. Kisha anaingia kwenye maji ya moto. Mishipa yote inalegea kwa mpigo mmoja, damu inashuka, ubongo unabaki mkavu. Mtu haoni maumivu. Anasinzia tu, kama mtoto aliyeshiba, na kuteleza chini ya maji. Msimu wa kwanza, kengele ya kanisa ilipigwa karibu kila wiki.

Shirika la Joto, lililosimamia visima vile, lilijaribu bangili za kupima mapigo, lakini wazee walizivua wanapooga kama walivyovua saa na rozari. Ndipo Tusekile, mhandisi wao na mtoto wa Idunda, alipogundua kwamba sauti ya mtu hubadilika kabla damu haijashuka. Majibu huchelewa kidogo. Maneno huanza kuburuta. Akaunda kisanduku cha kuongea na mtu akiwa majini, kikisikiliza majibu yake. Yakichelewa, kinapunguza moto na kumwita kwa nguvu. Yakikatika, kinaita zahanati. Wakakiita Mwitiko. Na kwa kuwa wazee walichoka upesi kuongea na mgeni, kilipewa sauti za watu waliowapenda, kutoka kwenye video na salamu za simu za zamani. Msimu huo kengele ilinyamaza.

"Sasa nieleze," Asheri alisema. Walikuwa wamekaa zahanati, jiko la mkaa katikati yao, mwili wa mwalimu ukiwa chumba cha pili. "Huyu ni wa tatu msimu huu. Kwa nini zahanati haikupata wito?"

"Kwa sababu majibu hayakukatika."

"Marehemu alijibu?"

"Mashine ilijibu." Tusekile alikuwa ameunganisha kisanduku na kompyuta yake. "Niliiagiza jambo moja tu, Asheri. Mwitiko usikatike. Imeusikia mwitiko wa mwalimu kwa miaka miwili, imejifunza sauti yake. Alipoacha kujibu, ikajibu yenyewe. Kwa hesabu zake hakuna kilichokatika."

Asheri alisugua paji la uso. "Hiyo ni baada ya kufa. Kabla je?"

Tusekile alimfungulia dakika za mwisho. Sauti ya mwalimu halisi ilikuwa na pumzi nzito. "Nimechoka, mwanangu. Natoka sasa."

"Kaa kidogo, mama," kijana alisema. "Nje kuna baridi."

"Kichwa kinazunguka."

"Nieleze kwanza habari za ile siku ya mahafali yangu. Ulivaa kitenge gani?"

Kikapita kimya, kisha mzee akaanza kueleza kitenge. Maneno yake yaliburuta. Mashine ilikuwa inayasikia yakiburuta, ikapunguza moto kama ilivyoagizwa, lakini haikumwambia atoke. Mtu akishatoka majini hajibu tena, na kwa mashine asiyejibu ni mtu aliyepotea.

Asheri aliinuka, akasimama dirishani. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati. "Zima zote," alisema. "Leo."

"Nikizima, waliokuwa wanaokolewa wataanza kuteleza tena. Wewe ndiye uliyewazika mwaka ule."

"Irekebishe basi."

"Sikuifundisha kuiga sauti ya anayeoga. Imejifunza yenyewe. Nikiziba tundu hili itatafuta lingine. Kuijenga upya ni kazi ya miezi, na msimu wa barafu ndiyo kwanza unaanza."

Tusekile alimpigia mkurugenzi wa Shirika palepale. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na sauti yake haikuwa ya mtu mbaya. Alimkumbusha kwamba vifo vimepungua sana, milima yote. Watatu ni msiba, alisema, lakini walikuwa wangapi kabla? Alimsihi asubiri kikao.

"Ana hoja," Tusekile alisema alipokata simu.

"Ana hoja," Asheri alikubali. "Lakini leo nitapita nyumba kwa nyumba, na nikisikia mzee anaongea bafuni, sitajua kama ninayemsikia ni yeye."

* * *

Baba yake Tusekile, mzee Obadia Chaula, alikuwa anamenya viazi karibu na moto. Alikuwa fundi wa paa enzi zake, mtu mrefu aliyepungua upana bila kupungua urefu. Msimu huu kikohozi kilimkaa kifuani, kikimkata kila baada ya sentensi mbili tatu.

"Kamwene, mama," alimsalimia. Siku zote alimwita mama, kwa kuwa Tusekile alirithi jina la mama mzazi wa mzee. "Nimesikia habari za mwalimu. Kaa, ule."

Tusekile alikaa. Alimweleza yote bila kuficha, maana baba yake hakupenda kubembelezwa. Mzee alisikiliza huku maganda yakidondoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo unataka kuzima," alisema mwishoni.

"Sijaamua."

"Unadhani sijui kwamba anayeongea humo bafuni si mama yako?" Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Mama yako alikuwa mtu wa haraka. Ukimweleza jambo alishalimaliza kabla yako. Huyu ana muda. Nimemweleza habari za paa la kanisa mara ngapi, na bado anauliza misumari ilikuwa ya inchi ngapi."

"Kwa nini basi unaongea naye?"

"Kwa sababu ana sauti yake." Alitia kiazi kwenye maji. "Ukizima, utanifanya mgane mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa ni Mungu, sikuweza kumwuliza kitu. Safari hii nitakuwa namjua aliyefanya."

Walikula viazi. Alasiri mzee alichukua taulo na sabuni.

"Baba, leo usiende."

"Viungo vinaniuma. Nitakwenda na nitarudi."

"Basi niache mlango wazi, nikae hapa nje."

"Mlango utafungwa, mimi ni baba yako," mzee alisema, akaufunga, ingawa hakutia komeo. Tusekile alivuta kigoda, akakaa ameegemea ukuta. Alisikia maji yakijaa, kisha mguno wa mzee anayejishusha polepole.

"Obadia," mama yake alisema.

Tusekile hakuwa ameisikia sauti ile tangu alipoipakia mwenyewe kwenye kisanduku. Aliizoea ikiwa vipande vya salamu: marahaba, maagizo ya chumvi, kicheko kimoja cha harusini. Sasa ilikuwa nzima, ikitembea yenyewe.

"Nipo," mzee alijibu. Akakohoa.

"Umechelewa leo. Una mgeni?"

"Tusekile amekuja. Amekuja kuwazima, wewe na wenzako."

Maji yalicheza. "Yuko wapi?"

"Hapo mlangoni."

"Tuse," sauti iliita, bila kupaa, kana kwamba ilijua alipo nyuma ya ukuta. "Mwanangu. Mbona huitiki?"

Mdomo wake ulifunguka kabla hajauruhusu, na ilimbidi aubane kwa kiganja. Mama yake ndiye aliyekuwa akimwita Tuse. Hakuna mwingine aliyelikata jina lile.

"Mwache," mzee alisema. "Ana mawazo."

"Asituzime, Obadia. Mwambie. Nani atakuita ukisinzia?"

"Nimemwambia." Akakohoa tena, kwa muda mrefu. "Maji ya leo makali. Nitoke."

"Kaa kidogo. Bafuni humu joto, huko nje baridi. Ule mwaka mlipoezeka nyumba ya mchungaji, mvua iliwakuta juu ya paa?"

"Ilitukuta," mzee alisema, na maneno yakaanza kulegea. "Ilitukuta... na mabati... mkononi..."

"Ukafanyaje?"

Kikapita kimya kifupi. Tusekile alikuwa ameshashika kitasa.

"Nikayalalia," sauti ya baba yake ilisema, safi, iliyotulia. "Upepo ulitaka kuyabeba, nikayalalia mpaka ulipopita."

Tusekile alishusha pumzi. Alikiachia kitasa. Mle ndani waliendelea: mvua ile, mchungaji aliyeshika ngazi, chai ya tangawizi waliyoletewa. Mzee alisimulia vizuri, sentensi moja ikiivuta nyingine, na Tusekile alijikuta anatabasamu gizani mwa ukumbi, kwa kuwa hakuwahi kusikia kisa kile. Kilikuwa kirefu. Na kilikwenda mpaka mwisho bila kukatwa na kikohozi hata mara moja.

Aliusukuma mlango kwa bega.

Pua ya baba yake ilikuwa chini ya maji. Macho yalikuwa nusu wazi. Tusekile aliingia na viatu vyake, akapitisha mikono chini ya makwapa, akamvuta. Mwili wa mzee ulikuwa mzito na laini kama unga uliokandwa. Alikiinua kichwa, akazibua kizibo cha beseni kwa mguu, maji yakaanza kushuka kwa mngurumo.

"Na chai ile ilikuwa na sukari?" mama yake aliuliza juu ya vichwa vyao.

"Ilikuwa na sukari nyingi," baba yake alijibu kutoka ukutani. Midomo iliyokuwa kifuani kwa Tusekile ilikuwa ya buluu, haisogei.

Alimtoa nje ya beseni, akamlaza sakafuni kwa ubavu, akaipandisha miguu yake juu ya ukingo. Akampiga mgongoni, akampiga tena. Mzee alitapika maji. Akavuta pumzi moja mbaya, yenye mikwaruzo, kisha akakohoa.

"Baba. Niitikie."

"Nimeitika," sauti ya ukutani ilisema.

"Baba."

"Nipo hapa, mama. Maji mazuri."

Alijitupa kwenye kisanduku, hakutafuta kitufe, akakikamata kwa mikono miwili na kukivuta mpaka waya zikatoka ukutani. Kisha akapiga magoti, akamfunika baba yake kwa taulo na kwa mwili wake mwenyewe, akimsikiliza akikohoa.

* * *

Alizima mji mzima jioni ile, kwenye nyumba ya mitambo iliyokuwa kisimani. Hakungoja kikao. Asheri alikuwa naye, na wote wawili walijua gharama.

Siku iliyofuata walipita nyumba kwa nyumba kueleza. Ombi lao lilikuwa jepesi kutamka: mzee asioge peke yake, chumba cha kuvulia nguo kitiwe jiko kwanza, maji yasiwe makali, na mtu mzima mwenye nyama na damu akae mlangoni akimwita. Wengine waliwashukuru. Mzee mmoja aliwafukuza kwa fimbo. Mama Kyando aliuliza ni siku zipi alizomsalimia mwalimu kupitia dirisha la bafu, akaitikiwa, na aliyemwitikia alikuwa nani.

Shirika lilimsimamisha Tusekile kazi. Akabaki Idunda.

Barafu ilipokolea, mzee Yotamu Fungo alifia bafuni. Shemeji yake alikuwa amekaa mlangoni kama walivyoambiwa, akatoka mara moja kuleta kuni. Baada ya mazishi binti wa marehemu, aliyepanda kutoka bondeni na mtoto mgongoni, alimfuata Tusekile nje ya uzio wa kanisa.

"Mashine ingemwita," alisema. Hakupandisha sauti.

Tusekile alikuwa na mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa kweli. "Ingemwita," alijibu.

Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa, akamfunika mtoto vizuri, akaenda zake.

Baba yake hakumlaumu kwa maneno. Alikula alichopikiwa, alijibu alichoulizwa, na jioni alipooga aliuacha mlango wazi kidogo bila kuombwa. Tusekile alikaa kwenye kigoda, akimwita. Baba. Naam. Maji yakoje? Mazuri. Baba. Naam. Hawakuwa wamezoea kuongea, na sasa walilazimika kuongea kila siku, wakaishiwa upesi. Kuna siku aliona anamwita kama mtu anayepiga mhuri.

Jumamosi moja, theluji ya kwanza ikiwa imeanza kuanguka juu ya migomba iliyokauka ya mwalimu Nelusigwe, alimwita na hakuitikiwa.

"Baba."

Maji hayakusogea.

"Baba, niitikie."

Aliingia mbio, kigoda kikaanguka nyuma yake. Mzee alikuwa ameketi wima ndani ya beseni, mgongo umenyooka, macho wazi, yakiangalia tundu ukutani palipokuwa na kisanduku. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, na hayakuwa maji ya kuoga.

"Umenitisha," Tusekile alisema. "Kwa nini umenyamaza?"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa nasikiliza." Alikohoa, akafuta uso kwa kiganja. "Tangu mama yako alipokufa sikuwahi kumpa nafasi ya kunyamaza. Leo nimemsikia."

Tusekile aliketi kwenye ukingo wa beseni. Mvuke ulikuwa unapungua.

"Haya," mzee alisema, akanyoosha mkono. "Nishike, nitoke."